Simu ya siku ya tatu: kutatua matatizo ya kunyonyesha, kwa walimu wa madarasa ya uzazi

Simu nyingi huja siku ya tatu, na huja usiku. Mama aliyehudhuria darasa tangu mwanzo hadi mwisho, aliyempakata mwanasesere vizuri kuliko wenzake wote, sasa analia kwenye simu na mtoto analia pamoja naye. Hasemi, "Mtoto wangu hajashika titi sawasawa." Anasema, "Sina maziwa."

Kwa hiyo malalamiko hapa nimeyaandika kwa maneno ya akina mama wenyewe. Chini ya kila moja kuna visababishi, kuanzia kinachotokea sana hadi kilicho adimu. Yale unayoweza kukagua kwa kuuliza na kutazama yanatangulia.

Kabla ya yote, tazama mtoto akinyonya, mwanzo hadi mwisho, ndipo utoe ushauri. Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilikuwa na haraka ya kujibu. Mama mmoja alinipigia kuwa mtoto hatosheki, nikamwambia amnyonyeshe mara kwa mara, nikakata simu nikijiona nimesaidia. Akafanya hivyo siku mbili mchana na usiku. Mtoto alikuwa titini muda wote, lakini hakuwa akimeza. Alipopimwa alikuwa amepungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa. Ushauri wangu ulikuwa sahihi kitabuni, ila haukuwa wa mtoto yule. Kama huwezi kufika, omba simu ya video, na umwambie baba au yeyote aliyepo ashike simu ili mama abaki na mikono yake.

Na sisi si madaktari. Hatutaji ugonjwa wala hatutoi dawa. Palipoandikwa SIMAMA HAPA, kazi yako iliyobaki ni kumfikisha mama au mtoto kwa mkunga, daktari au mshauri wa unyonyeshaji aliyesomea.

"Maziwa hayajatoka" (siku ya 1 hadi ya 4)

Kisababishi cha kwanza ni kwamba wakati wake haujafika. Siku za mwanzo kinachotoka ni dang'a, mazito, ya manjano, machache. Tumbo la mtoto siku ya kwanza linabeba kama mililita 5 hadi 7 tu kwa mlo, kijiko kimoja cha chai au zaidi kidogo. Maziwa mengi huja kati ya siku ya 2 na ya 5. Mama akiwa anangoja kuona maziwa yakichuruzika, ataamini hana kitu huku mtoto anapata anachohitaji.

Kinachofuata ni mtoto kutowekwa titini mara za kutosha. Kazaliwa, kalala, kila mtu anasema mwacheni apumzike. Mtoto mchanga anapaswa kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na anayelala mno huamshwa: mvue nguo abaki na nepi, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi, msugue nyayo.

Kisha kuna kutenganishwa baada ya upasuaji au mtoto kulazwa, kisukari cha mama, na kujifungua kwa uchungu mrefu uliomchosha. Vyote hivyo huchelewesha maziwa. Adimu zaidi, lakini usiyasahau, ni kipande cha kondo la nyuma kilichobaki tumboni, au damu nyingi iliyopotea wakati wa kujifungua.

Kagua nepi kwanza. Siku ya kwanza angalau nepi moja ya mkojo, siku ya pili mbili, ya tatu tatu, na kuanzia siku ya 5 nepi 6 au zaidi. Choo kinatoka cheusi kama lami, kinakuwa cha kijani, na kufikia siku ya 5 kiwe cha manjano. Rangi hiyo inakuambia mengi kuliko mama anavyohisi matitini.

Kisha mfundishe kukamua kwa mkono, na ufundishe polepole, maana wengi huminya chuchu na kupata maumivu tu. Kidole gumba juu, cha shahada chini, sentimita 2 au 3 nyuma ya chuchu. Asukume kwanza kurudi kifuani, ndipo avikutanishe vidole bila kuviburuta kwenye ngozi, halafu aachie. Mara ya kwanza huenda pasitoke kitu kwa dakika moja au mbili. Halafu tone linajitokeza, la rangi ya asali, linang'aa juu ya chuchu bila kudondoka. Alichote kwa kijiko na kumpa mtoto. Nimewaona akina mama wakinyamaza kabisa wanapoliona tone hilo.

SIMAMA HAPA ikiwa mtoto amegeuka manjano ndani ya saa 24 za kwanza, hajakojoa kwa saa 8 au zaidi baada ya siku ya pili, utosi umebonyea, au haamki hata kunyonya. Vivyo hivyo ikiwa mama anatokwa damu nyingi au yenye harufu mbaya. Na hata kama mama yuko salama, ikiwa siku ya 5 maziwa bado hayajaongezeka, aonwe.

"Maziwa hayatoshi"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo lililowaachisha watoto wengi kunyonya bila sababu. Ukilijibu vibaya kwa upande mmoja, mama anakimbilia chupa asiyoihitaji. Ukilijibu vibaya kwa upande wa pili, mtoto anashinda na njaa. Kwa hiyo usianze kwa kumtia moyo, anza kwa kupima.

Uliza amejuaje kuwa hayatoshi. Sikiliza ishara anazotaja. Matiti yamelainika? Hiyo ni kawaida wiki chache baada ya kujifungua. Mwili umeshajua kiasi. Pampu imetoa kidogo? Pampu haipimi maziwa yaliyopo, inapima tu ilichoweza kuvuta. Mtoto ananyonya mfululizo kila jioni? Wengi hufanya hivyo wiki za mwanzo, na kuna siku, hasa karibu na wiki ya 3 na ya 6, wanapotaka titi kila mara. Mtoto alipewa chupa baada ya titi akanywa? Watoto wachanga hufyonza chochote kinachowekwa mdomoni, hata wakiwa wameshiba.

Ishara za kweli ni tatu: nepi, uzito, na kumeza. Mtoto kupungua hadi asilimia 7 siku za mwanzo si ajabu. Afikapo asilimia 10 lazima akaguliwe. Afikapo siku ya 10 hadi ya 14 awe amerudia uzito wa kuzaliwa, kisha aongezeke takriban gramu 20 hadi 30 kwa siku katika miezi 3 ya kwanza. Apimwe kwenye mizani ileile, bila nguo. Nimewahi kuona familia ikihangaishwa usiku kucha na tofauti ya gramu 150 ambayo ilikuwa ni sweta.

Kumeza kunaonekana kwenye kidevu. Mtoto huanza kwa kunyonya upesiupesi na juujuu, anayaita maziwa. Yakishuka mwendo unabadilika: taya linafunguka kwa upana, linatulia kitambo likiwa chini, kisha linafunga, na unasikia pumzi laini kama "kha". Pale taya linapotulia ndipo funda linapoingia. Mtoto anayetikisa midomo tu kwa dakika 40 bila kutulia huko, hanywi maziwa, anajituliza. Mwonyeshe mama na baba tofauti hiyo mpaka waione wenyewe, kwa sababu wewe hutakuwepo usiku.

Kama kweli hayatoshi, mara nyingi mtoto hajashika vizuri, kwa hiyo hatoi maziwa, na titi lisilotolewa maziwa hupunguza kutengeneza. Au ananyonya kwa ratiba ya saa badala ya anapotaka. Au ameanza kupewa maji au maziwa mengine, na kila mlo wa nje unapunguza mlo wa titi. (Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya hahitaji maji hata wakati wa joto.) Au usiku anaachwa alale mfululizo, ilhali ndio wakati prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, inapokuwa juu. Vyanzo vya mwili vya mama viko chini kwenye orodha: dawa za kupanga uzazi zenye estrojeni, tezi ya thairoidi, upasuaji wa titi wa zamani, matiti ambayo hayakubadilika hata kidogo wakati wa ujauzito, ugonjwa wa vifuko kwenye ovari. Viko chini, lakini vipo. Mama wa namna hii akiambiwa "kila mwanamke ana maziwa ya kutosha, jitahidi tu", tunamwonea.

Marekebisho yana mpangilio, na usiugeuze. Kwanza mtoto ale. Anayepungua uzito aongezewe, ikiwezekana maziwa ya mama yake yaliyokamuliwa, kama hayapo ya mchangiaji yaliyokaguliwa, na kama hayo hayapo ya kopo kwa kiasi atakachosema mhudumu wa afya. Pili, yalinde maziwa: akamue baada ya kunyonyesha au badala yake, walau mara 8 kwa siku. Tatu ndipo urekebishe kushika titi. Mtoto mwenye njaa kali hana nguvu za kujifunza.

SIMAMA HAPA ikiwa uzito umepungua asilimia 10 au zaidi, hajarudia uzito wa kuzaliwa kwa wiki 2, nepi zina vumbi la rangi ya matofali baada ya siku ya 4, au mama ana mojawapo ya vyanzo vya mwili nilivyotaja.

"Chuchu zinaniuma"

Kuhisi kuvutwa sana kwa sekunde chache za mwanzo, wiki ya kwanza, hutokea. Maumivu yanayoendelea mtoto akiwa ananyonya, au yanayomfanya mama akunje vidole vya miguu, si kawaida. Usimwambie azoee.

Mara nyingi sana mtoto ameshika chuchu peke yake. Tazama chuchu inapotoka mdomoni: ikiwa imebanwa upande kama ncha ya rangi ya midomo mpya, umepata jibu. Angalia ishara 4 za kushika vizuri: mdomo umefunguka sana, kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umegeukia nje, na duara la chuchu linaonekana zaidi juu ya mdomo wa mtoto kuliko chini yake.

Kurekebisha: tumbo la mtoto liguse la mama, sikio, bega na nyonga viwe mstari mmoja, pua ielekee chuchu. Mama angoje. Hapo ndipo wengi hukosea, wanaharakisha. Chuchu iguse juu ya mdomo, mtoto ainue kichwa na kufungua kinywa kama anapiga mwayo, ndipo mama amsogeze mtoto kwenye titi, kidevu kwanza. Titi lisipelekwe kwa mtoto, na kisogo chake kisisukumwe. Chuchu ikiuma, aingize kidole kisafi pembeni mwa mdomo avunje mfyonzo, aanze upya. Mama anayeegama nyuma huku mtoto amemlalia kifuani mara nyingi hupata nafuu siku hiyohiyo.

Kama kushika ni kuzuri na bado kunauma, fikiria pampu yenye kikombe kisichomtosha, au utando mfupi chini ya ulimi wa mtoto (ulimi hauvuki ufizi, ncha yake inaonekana kama moyo akilia). Fikiria pia mishipa ya damu kubana: chuchu inageuka nyeupe, kisha ya bluu au nyekundu, na inauma zaidi kwenye baridi. Huyu afunike titi mara tu baada ya kunyonyesha, kitambaa cha vuguvugu kinasaidia. Fangasi husingiziwa mno. Kama kuna utando mweupe mdomoni mwa mtoto usiofutika na chuchu zinawaka, wote wawili watibiwe pamoja.

SIMAMA HAPA kwa kidonda chenye usaha, maumivu yasiyobadilika siku 2 au 3 baada ya kurekebisha mkao, au unaposhuku utando wa ulimi. Kukata utando huo si uamuzi wetu.

"Titi limekuwa jiwe"

Matiti yote mawili, siku ya 3 hadi ya 5, yamejaa na kung'aa: maziwa yamekuja pamoja na uvimbe. Mtoto anyonye mara nyingi. Akishindwa kushika kwa ugumu, mama aweke ncha za vidole kuzunguka chuchu na kusukuma taratibu kuelekea kifuani kwa kama dakika moja. Uvimbe unarudi nyuma na duara linalainika. Kitambaa cha baridi baada ya kunyonyesha.

Uvimbe wa sehemu moja ya titi moja, unaouma, labda na wekundu na homa, huanza mara nyingi pale maziwa yanapozalishwa kupita kiasi, mtoto aliporuka milo, au sidiria inapobana. Hapa nawaomba wenzangu tubadilike. Wengi wetu tulifundishwa, nasi tukafundisha: kanda kwa nguvu, chua bonge, weka maji ya moto, kamua mpaka titi liwe tupu. Mwongozo wa mwaka 2022 wa Academy of Breastfeeding Medicine, chama cha kimataifa cha madaktari wa unyonyeshaji, unasema kinyume. Kuchua kwa nguvu huumiza tishu iliyovimba, na kukamua kupita mahitaji ya mtoto kunauambia mwili utengeneze zaidi. Mtoto anyonye kama kawaida kutoka titi hilo, baridi iwekwe, mama apumzike, na dawa ya maumivu na uvimbe aulizie kwa mfamasia au daktari. Asiache kunyonyesha ghafla. Maziwa ya titi lenye uvimbe hayamdhuru mtoto.

SIMAMA HAPA ikiwa homa imefika nyuzi 38.5, hakuna nafuu baada ya saa 24, mama anatetemeka au anazidiwa haraka, au kuna bonge lenye majimaji ndani, linaloweza kuwa jipu. Na bonge lolote lisiloisha baada ya wiki chache likaguliwe, hata kama haliumi.

"Anakataa titi"

Uliza kwanza kama kuna aliyemsukuma kichwa. Mtoto aliyesukumwa kisogo mara kadhaa hujikunja nyuma akiona titi tu. Pia huenda titi limejaa mno, chupa imemzoesha maziwa yanayokuja upesi, pua imeziba, au bega au shingo vinamuuma upande mmoja tangu kuzaliwa (huyu atakubali titi moja na kukataa jingine, basi mgeuze mkao, asilalie upande unaouma). Mkubwa wa miezi 3 na kuendelea anayegoma ghafla, angalia meno, sikio, sabuni au manukato mapya ya mama, au kelele iliyomshtua akiwa titini.

Msipigane. Ngozi kwa ngozi bila kumpa titi kwa nguvu, mjaribu akiwa amesinzia nusu, au mkitembea polepole chumbani. Mama akamue wakati huo wote, na mtoto ale kwa kikombe au kijiko.

SIMAMA HAPA: mtoto mchanga aliyekuwa akinyonya vizuri akaacha ghafla na kulegea ni mgonjwa mpaka daktari aseme vinginevyo. Aliye chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

"Anapaliwa kila akinyonya"

Mara nyingi maziwa yanashuka kwa kasi. Mama aegame nyuma mtoto awe juu, au amtoe mara yanaposhuka, mruko wa kwanza uishie kwenye taulo. SIMAMA HAPA akigeuka bluu, akipumua kwa shida, au akikohoa kila mlo hata maziwa yanapokuja taratibu.

"Nyumbani kila mtu anasema lake"

Kosa hili mara nyingi ni la darasa letu. Tumemfundisha mama peke yake, tukamrudisha kwenye nyumba ya watu watano ambao hawakusikia kitu. Zile Hatua 10 za WHO na UNICEF za kufanikisha unyonyeshaji, zilizotolewa mwaka 1989 na kuhuishwa mwaka 2018, zinataka unyonyeshaji ujadiliwe na wajawazito na familia zao. Mimi nilipunguza saa nzima niliyotumia kutaja faida za maziwa ya mama, kwani waliokuja walishazijua, nikaitumia kwa bibi na baba.

Bibi muulize alivyowalea wake kabla ya kumweleza lolote. Mara nyingi aliambiwa na wahudumu wa wakati wake awape watoto maji na kunyonyesha kwa saa, na akisikia unamsahihisha anasikia unamwambia alikosea. Mwambie, "Mama, ulifuata uliyoelekezwa. Siku hizi tumejifunza haya." Baba mpe kazi yenye hesabu. Mmoja aliandika nepi ukutani kwa chaki, mistari kama ya mfungwa, m ya mkojo na ch ya choo. Siku ya sita alinisomea mistari yake kwenye simu, na kabla sijasema lolote nikasikia mama yake nyuma akisema, "Basi maziwa yapo."

Kagua pia meza yako. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama inakataza sampuli kwa wajawazito na akina mama. Kalenda yenye nembo ya maziwa ya kopo ukutani mwa darasa inafundisha somo lake.

"Sitaki tena"

Usimjibu kwa faida za maziwa. Muulize amelala saa ngapi tangu jana, na kama yapo maumivu aliyoacha kuyataja. Hayo mawili hueleza mengi. Wapo wanaopatwa na wimbi la huzuni sekunde chache kabla maziwa kushuka, likaisha kwa dakika. Kujua kwamba ni jambo la mwili lenye jina kwa wataalamu huwapunguzia hofu. Wapo wenye sonona baada ya kujifungua. Dodoso la Edinburgh la mwaka 1987, la kutambua dalili za sonona hiyo, lina maswali 10 tu, na mkunga anaweza kumuuliza.

Akishaamua kuacha akiwa anajua yote, msaidie kupunguza mlo mmoja kila siku chache ili matiti yasivimbe, na umfundishe mkao wa kumlisha kwa chupa akiwa amempakata. Bado ni mwanafunzi wako.

SIMAMA HAPA ikiwa anasema angetamani asiwepo, anaogopa atamdhuru mtoto, au anasikia au kuona visivyokuwepo. Asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja, mtu wa karibu aje, apelekwe hospitali usiku huohuo.

Unapompeleka yeyote kati ya hawa, mwandikie karatasi asafiri nayo: tarehe na njia ya kujifungua, uzito wa kuzaliwa na wa leo, idadi ya nepi za mkojo na za choo kwa saa 24 na rangi yake, mara alizonyonya, ulichokiona kwenye kidevu, mlichokwisha kujaribu. Kesho yake asubuhi mpigie wewe.